SPRINGI YA ZAMANI SI AKIBA

Katika gazeti letu la muhula huu natoa maoni yangu juu ya breki za nyuma za magari makuukuu. Najua wako watakaocheka na kusema, "Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na breki, wapi na wapi?" Lakini jambo hili nusura linipokonye mdogo wangu, nami sioni sababu ya kulinyamazia. Baba amenipa ruhusa kulieleza, ijapokuwa lamhusu yeye.

Baba ana Toyota Corolla ya mwaka 1998, ambayo magurudumu yake ya nyuma yana breki za dramu. Kila juma hushuka nayo kutoka Lushoto hadi Mombo, imejaa mboga. Aijuaye barabara ile ajua: ni kilomita thelathini na kitu za kona na miteremko, na mtu huteremka mita zipatazo 1,000. Mwaka jana viatu vya breki za nyuma vilikwisha. Fundi akashauri vinunuliwe vipya pamoja na springi zake na vipande vyake vidogo. Baba akakataa, akasema, "Springi ni chuma, haiishi. Tia viatu tu, hizo za zamani zirudishe." Pesa tuliyookoa haikufika hata nauli ya kwenda Tanga na kurudi.

Baada ya miezi mitano tulisimama njiani penye mteremko. Baba akavuta breki ya mkono, tukashuka mimi naye kununua matunda. Mdogo wangu, mtoto wa miaka sita, alibaki ndani amelala. Tulipokuwa tukingoja chenji, gari likaanza kwenda lenyewe, polepole. Nilipiga mbio nikasukuma jiwe kubwa mbele ya gurudumu, naye baba akaurukia mlango. Likasimama. Mbele yetu palikuwa na kona, na chini ya kona ni bonde. Mdogo wangu hata hakuamka.

Siku ya pili dramu zilifunguliwa, nami nikatazama. Gurudumu la kushoto, ile ajasta ambayo kazi yake ni kuvisogeza viatu karibu na dramu kadiri vinavyolika, ilikuwa imeshikwa na kutu, haizunguki. Viatu vikabaki mbali, na breki ya mkono ikawa inavuta bure. Gurudumu la kulia, springi ya kurudisha viatu ilikuwa imenyooka na kugeuka samawati kwa joto. Springi ikilegea, dereva akiondoa mguu viatu havirudi mahali pake. Husugua dramu safari nzima, na joto hilo huzidi kuilegeza springi. Lainingi zake zilibaki chini ya milimita 1. Viatu vya miezi mitano! Basi akiba yetu ilikuwa wapi?

Wako wasemao kwamba breki za nyuma si kitu, za mbele ndizo zifanyazo kazi. Ni kweli kwamba gari likipunguza mwendo uzito huegemea mbele, na breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Lakini katika gari kama letu breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Tena katika mteremko mrefu, za nyuma zisiposaidia, za mbele hubeba mzigo wote peke yake na kupata joto kupita kiasi.

Wengine watasema, "Hali ni ngumu, na karo za shule twadaiwa." Nakubali, kwa maana karo yangu nayo yatoka katika mboga zile. Lakini tulinunua viatu mara mbili kwa kukataa kununua springi mara moja. Pesa isipotosha, afadhali gari lilale wiki nzima.

Sisemi kila mtu awe fundi. Kazi ya breki yataka ajuaye. Nasema mwenye gari asimame aone. Springi zibadilishwe pamoja na viatu, tena magurudumu yote mawili. Lifunguliwe gurudumu moja kwanza, la pili libaki kuwa mfano, kwa maana wengi husahau springi ipi ilikaa wapi. Ajasta ya kushoto na ya kulia zisichanganywe, kwani hesi zake huzunguka kinyume. Silinda ndogo itazamwe kama yavuja. Dramu ikiwa nje, mtu asikanyage pedali. Na vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, bali lipanguswe kwa kitambaa kibichi. Lainingi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Gari nalo lisitegemee jeki peke yake.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Tunapofundishwa msuguano na joto katika somo la Fizikia, iletwe dramu moja kuukuu darasani, tuifungue kwa mikono yetu. Wengi wetu tutaendesha magari, na wengine tutabeba watoto wa watu.

Kwa wazazi nasema kwa heshima: fundi akikuonyesha springi iliyonyooka, usimwambie kwamba chuma hakiishi. Baba yangu sasa ameitundika ile springi ya samawati ukutani, karibu na mlango, na kila Jumamosi kabla ya kushuka Mombo huitazama kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu