Ukuta wa Rangi Si Mji

Siku hizi msafiri anayejiona mjanja haendi makumbusho. Makumbusho, anasema, ni ya watalii. Yeye anautaka mji wenyewe. Basi anazurura mitaani, anapiga picha michoro ya ukutani, usiku anafuata muziki, kisha anarudi kutuhubiria kwamba anaijua Berlin kuliko wenyeji wake. Imani hii imeenea, na ndugu zetu walioko Ulaya wameimeza nzima nzima. Ni imani potofu. Mchoro wa ukutani ndio sehemu ya mji iliyopambwa zaidi kwa ajili ya mgeni.

Tuanzie wanapoanzia wote: East Side Gallery, kipande cha Ukuta wa Berlin chenye urefu wa zaidi ya mita 1,300 kando ya mto Spree. Wageni husimama mbele ya mchoro wa Brezhnev wa Sovieti na Honecker wa Ujerumani Mashariki wakibusiana, wakidhani wanaitazama hasira ya watu waliofungiwa. Hapana. Zama za Ukuta, upande huo wa mashariki haukusogelewa na mtu mwenye brashi. Waliokuwa wakichora walichorea upande wa magharibi. Michoro hii ilikuja 1990, Ukuta ukiwa umekwisha kufunguliwa, na mingi unayoiona leo ilichorwa upya 2009. Mwaka 2013 vipande vya ukuta huohuo viling'olewa kupisha ujenzi wa ghorofa za kifahari, watu wakiandamana na polisi wakilinda wang'oaji.

Mtaniambia wapo wachoraji wa kweli, wasiochorea watalii. Wapo. Mmoja ni Mwitaliano anayejiita Blu, aliyechora picha mbili kubwa katika mtaa wa Cuvrystraße, Kreuzberg, mwaka 2007 na 2008. Kreuzberg ilikuwa imebanwa na Ukuta, kodi zake zikawa rahisi, wakahamia vibarua kutoka Uturuki, wanafunzi na wasanii. Ukuta ulipoondoka, mtaa ukajikuta katikati ya mji na kodi zikaanza kupanda. Picha za Blu zikawa fahari ya Berlin, zikachapwa kwenye kadi na vitabu vya wageni. Dalali gani angetamani bango zuri kuliko hilo? Desemba 2014, kwa ridhaa ya Blu mwenyewe, wenzake walipanda usiku na kuzipaka rangi nyeusi zote mbili, ili zisiendelee kupandisha bei ya kiwanja kilichokuwa kando yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: mchoraji mwenyewe alilijua hilo, wapigapicha wanaendelea kulikana.

Muziki nao una kasoro hiyohiyo. Mwezi Machi 2024 Ujerumani iliiingiza tekno ya Berlin katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Sawa, lakini tekno ilizaliwa Detroit, Marekani, mikononi mwa vijana Weusi kama Juan Atkins na Derrick May. Klabu ya Tresor ilipofunguliwa Berlin mwaka 1991, ndani ya chumba cha chini kilichokuwa hazina ya duka kubwa lililokufa, iliwaita watu wa Detroit waje wapige. Anayecheza mpaka alfajiri akadhani amekunywa roho ya Ujerumani amekunywa, kwa sehemu kubwa, jasho la Wamarekani Weusi.

Mji usomwe wapi basi? Mimi nasema kwenye vibao vya majina ya mitaa, vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha. Katika kitongoji cha Wedding kulikuwa na Petersallee, jina lililotolewa 1939 kumtukuza Carl Peters, yule tuliyemwita Mkono wa Damu, aliyenyonga watu Kilimanjaro. Mwaka 1986 wakubwa wa mji wakaona aibu, lakini hawakubadili kibao; walitangaza tu kwamba kuanzia hapo Peters anayekusudiwa ni Peters mwingine, mwanasiasa Hans Peters! Hakuna mchoro utakaokueleza jinsi serikali inavyokwepa deni kama kibao hicho. Iliwachukua wanaharakati hadi Agosti 2024 kupata majina mapya, na sehemu moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Kule Neukölln, mtaa wa Wissmann, aliyewakandamiza watu wa pwani waliomfuata Abushiri, tangu 2021 una jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wetu wa Kilimanjaro.

Au inama utazame chini. Mbele ya nyumba namba 193, Brunnenstraße, kuna jiwe dogo la shaba lenye jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alikuwa askari mtoto katika jeshi la Wajerumani, akaenda Berlin 1929 kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake, akanyimwa. Akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu, ya mwisho ikiwa ile ya kumsifu Carl Peters, 1941. Mwaka huohuo alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kizungu, akafia katika kambi ya mateso ya Wanazi, Sachsenhausen, 1944.

Ukijaaliwa kufika Berlin, panda treni ya U6, ushuke Afrikanische Straße, usome vibao kimoja kimoja. Michoro piga picha ukipenda, ila usije kutuambia umeuona mji.