Sauti ya kati nayo ipewe nafasi

Mimi ni mwanakwaya hapa Mpanda. Kwenye kwaya zetu mwanaume ni teno au besi. Mwenye sauti ya kati, kati ya hizo mbili, hana mstari wake kwenye nota za solfa. Jumapili utamwona kijana ananyoosha shingo kuifuata nota ya juu mpaka sauti inakwaruza. Kumbe kwenye opera huyo ni baritoni, na mtunzi Verdi alimpa uhusika mkuu wa opera ya Rigoletto mwaka 1851! Wala kijana huyo asidhani opera haimhusu: Rhoda Ondeng' Wilhelmsen wa Kenya, mwimbaji wa soprano, ameshatuonyesha kwamba opera si ya Wazungu peke yao. Walimu wa kwaya, tafadhali msiwalazimishe vijana hao kuimba nota za juu. Baritoni hukomaa taratibu. Mwenye kipaji aelekezwe chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, akasomee muziki.