Haibiskasi Yetu na Msitu Wake

Katika bustani za hoteli nyingi za pwani kuna kichaka chenye maua mekundu yanayoning'inia kichwa chini. Wageni huyapiga picha. Wenyeji wengi hudhani kililetwa kwa meli kutoka Asia, kama mabogenvilia yalivyoletwa kutoka Amerika Kusini. Sivyo. Kwao ni hapa hapa, katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania hadi kaskazini mwa Msumbiji, na wataalamu hukiita Hibiscus schizopetalus. Toleo hili lote ni la misitu hiyo, nami nimeona tulifungue kwa mmea huu, kwa sababu umetapakaa duniani huku makao yake yakizidi kumegwa.

Ukikutana nao, usipite. Ua limeshikwa na kikonyo kirefu, chembamba kama uzi, hata upepo mdogo hulichezesha. Petali tano zimekatwakatwa kama mapindo ya leso, kisha zikajikunja kurudi juu. Katikati hushuka mrija mwembamba mrefu kupita petali zenyewe, umebeba chavua sehemu za chini, na nchani kuna vijitawi vitano vyenye vichwa vidogo vya duara. Ndege chozi akija kunywa asali, chavua humgusa. Huu ni ukoo mmoja na mbuyu, pamba na bamia, ingawa kwa kuutazama tu usingedhani.

Mwaka 1879 wataalamu wa Uingereza waliuandika kama aina tu ya haibiskasi ya Kichina. Mwaka uliofuata Joseph Dalton Hooker, mkurugenzi wa bustani ya Kew, akautenga kuwa spishi kamili. Tangu hapo wakulima wa maua wameuchanganya na ndugu zake, na haibiskasi nyingi za bustani duniani zina damu yake.

Basi kuna anayeuliza: kama umeenea hivyo, hofu ni ya nini? Jibu ni kwamba miche ya bustani kwa kawaida hupatikana kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini. Matawi mia ya mti mmoja bado ni mti ule ule mmoja. Ugonjwa unaouua mmoja unaweza kuiua yote. Utofauti wa kweli uko msituni, katika mbegu zilizochanganywa na ndege. Bustani haiwezi kushika nafasi hiyo, hata ikimwagiliwa kila siku.

Na msitu wenyewe ni wa namna yake. Haibiskasi hii hupenda kingo za vijito chini ya kivuli, na miamba ya chokaa ambako udongo kidogo umejibana kwenye nyufa. Katika vilima vya Shimba, Kwale, vijito vya namna hiyo bado vipo. Vilima hivyo hivyo ndivyo vyenye chemchemi ya Marere, ambayo imeinywesha Mombasa kwa vizazi. Anayefyeka kingo za kijito kwa ajili ya makaa au shamba anakata pia maji ya mjini. Kwenye chokaa hali ni mbaya zaidi: msitu uliokatwa huweza kuchipua, lakini mwamba uliolipuliwa kwa ajili ya kokoto na saruji haurudi.

Sehemu ya misitu hii ya pwani ni kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kaya hizo zilianza kutangazwa kumbukumbu za taifa la Kenya mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaingiza kadhaa katika Urithi wa Dunia. Ni jambo jema. Lakini misitu hiyo ilikuwapo kabla ya matangazo, kwa sababu wazee walikataza shoka na watu wakatii. Leo wazee hao mara nyingi wanaachiwa kazi ya ulinzi bila posho, huku bei ya ardhi ikipanda. Kwa maoni yangu, kaunti inayopamba ofisi zake kwa maua ya pwani ianze kwa kuwalipa walinzi wa kaya.

Kwa wenye vitalu tuna ombi: msing'oe miche msituni. Chukueni vipandikizi kwenye bustani, vipo tele. Na wasomaji wanaojua mahali haibiskasi hii inapoota yenyewe, tuandikieni. Tutataja wilaya au kaunti tu. Mahali penyewe hatutapachapisha.