Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho na Mambo ya Kale, Zanzibar

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa jambo ambalo aghalabu huzungumzwa kwa dhihaka, nalo ni wazee wetu na sanaa ya siku hizi. Husemwa kwamba hawaielewi. Nionavyo mimi, hakuna awaulizaye.

Katika maonyesho ya mji mmoja wa mwambao, msanii kijana alisimamisha ukumbini mlango wa kale wa nakshi, umetiwa kufuli, hauna ukuta kulia wala kushoto. Vijana wakapiga picha, wakaenda zao. Mzee mmoja, seremala wa zamani, akaikagua misumari ya mlango ule, akapitisha kidole katika nakshi za mfaa, kisha akauliza: mlango huu umeng'olewa nyumba ya nani, na wenyewe wamehamia wapi? Kiongozi wa wageni akacheka, akamtaka asiguse, ilhali lau angalimjibu wangalifika papo hapo kwenye kiini cha kazi ile. Mzee akatafuta pa kukaa, asipate. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, herufi zake kama chembe za ulezi.

Sisemi kila mzee ataridhika. Wako watakaoghadhibika, na ghadhabu nayo ni jibu, tena lenye insafu kuliko kupita na simu mkononi.

Tena si sanaa yote ya siku hizi iliyo ngeni kwao. Msanii Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1954 aliyelelewa Uingereza, alipata Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017 akiwa na miaka 63, mara tu sharti la mshindani kutofikia miaka 50 lilipoondolewa. Baadhi ya kazi zake zimefuata utaratibu wa kanga, kwa pindo na maneno yake. Ni nani wa kuzisoma vyema kuliko bibi mwenye doti tele sandukuni, ajuaye ipi hupelekwa arusini na ipi huvaliwa makusudi mbele ya jirani?

Basi, siku Beit el Amani au jumba jingine la idara yako litakapopokea sanaa mpya, naomba viti vyenye egemeo viwekwe mbele ya kazi, maelezo yawe ya Kiswahili kwa herufi kubwa, na wazee watengewe asubuhi moja katika juma, msanii mwenyewe akiwapo kuulizwa. Wayasemayo yabandikwe kando ya kazi, hata yakiwa ya kuikataa. Na waandikao kwa hati za Kiarabu wasilazimishwe kubadili.

Wasalaam.