Wasichana wa Kibagare hawahitaji fulana, wanahitaji chumba

Ukifuata Barabara ya Lower Kabete kutoka Westlands, unapita Spring Valley na zile kuta zake ndefu, halafu mbele unaanza kukutana na mageti ya vyuo. Kenya School of Government iko huko. Kampasi ya Lower Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko huko pia. Si mbali na hapo, nyuma ya Loresho, kuna mtaa wa Kibagare, na kutoka mitaa kama huo akina mama hutoka alfajiri kwenda kufua na kupika kwa watu.

Sasa niambie, wewe unayesoma katika chuo kama hivyo: binti ya mama huyo, yuko kidato cha tatu, nyumba yao ni chumba kimoja cha mabati, anaweza kuingia chuoni kwako Jumamosi akaketi mahali pa utulivu na vitabu vyake? Jibu unalijua. Soja atamwomba kitambulisho.

Tunapenda kusema vyuo na makundi ya wasichana vishirikiane. Lakini ushirikiano tunaoujua wengi ni wa siku moja. Klabu ya wanafunzi inakodi basi, inapeleka sodo na unga, wote wanavaa fulana za rangi moja, picha zinapigwa, na saa kumi jioni basi linarudi. Sodo ni muhimu, sikatai. Ila msichana anazihitaji kila mwezi, na klabu itarudi mwaka ujao ikiwa na viongozi wapya wasiomjua hata kwa jina.

Na si kwamba hatujui kufanya vizuri zaidi. Hiyo Kenya School of Government ilianza mwaka 1925 ikiitwa Jeanes School. Shirika la Maendeleo ya Wanawake lilipoanzishwa mwaka 1952, ni katika chuo hicho ambapo wanawake walifunzwa kisha wakarudi vijijini kuongoza vikundi. Nia ya mkoloni haikuwa safi. Mwaka huo huo alitangaza Hali ya Hatari, na alitaka wanawake wajitenge na Mau Mau. Lakini angalia jinsi kazi ilivyopangwa: chuo kilitoa walimu, mahali na muda, nao wanawake wakapeleka ujuzi nyumbani. Maendeleo ya Wanawake bado ipo zaidi ya miaka 70 baadaye.

Mfano wa karibu zaidi ni Binti Pamoja, Kibera, iliyoanza mwaka 2002 chini ya shirika la Carolina for Kibera. Shirika lenyewe lilianzishwa mwaka 2001, na mmoja wa waanzilishi alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani. Wenzake wawili, Tabitha Atieno Festo na Salim Mohamed, walikuwa Wakenya. Nguvu ya Binti Pamoja ni kwamba wasichana hukutana mahali salama, na waliopitia mpango huo huongoza wadogo zao. Chuo cha ng'ambo ya bahari kilipata njia ya kufika Kibera. Cha Lower Kabete kukutana na Kibagare kinahitaji nini, bana? Viza?

Wanafunzi wa uhasibu, kompyuta na kazi za jamii kila mwaka huhangaika kutafuta mahali pa mafunzo ya nyanjani, na wengine huishia ofisini wakichemsha chai. Kikundi cha wasichana kina daftari la akiba linalohitaji mtu wa kulikagua. Kina wasichana wanaotaka kushika kompyuta kwa mara ya kwanza. Kama idara itakubali saa hizo zihesabiwe kwenye alama, mwanafunzi hatakuja kwa huruma. Atakuja kwa sababu asipokuja atafeli, na hiyo ndiyo sababu ninayoiamini zaidi.

Makundi nayo yasijifanye malaika. Kuna viongozi wanaowashika wasichana kama mali yao, wa kuonyeshwa wafadhili tu. Vilevile, kumwalika msichana wa miaka 15 mahali palipojaa watu wazima si jambo la mzaha. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ipo, lakini sheria huja baada ya madhara. Kabla ya hapo kuwe na mhadhiri wa kike anayewajibika, ruhusa ya wazazi iliyoandikwa, na msichana ajue ampigie nani simu akisumbuliwa.

Kwa hiyo usianze na harambee ya unga. Jumatatu nenda ofisi ya mkuu wa wanafunzi, uliza ni vyumba vingapi vya masomo hukaa vitupu Jumamosi, na funguo zake huwa na nani.