Tusiwanyime wanafunzi misingi ya elimu ya kompyuta

Ndugu mwandishi, nimeyasoma maelezo yako kwa makini, na ingawa naafikiana nawe kwamba mhitimu wa shahada ya kwanza hana budi kuzijua zana zitumikazo kazini, siikubali kabisa rai yako kwamba masomo ya hesabu na algoriti yapunguzwe ili kuzipisha lugha za programu zenye soko hivi leo, kwa kuwa lugha huja na kupita, bali misingi hudumu.

Chukua orodha ya majina 1,000,000 yaliyokwisha kupangwa kwa alfabeti: apekuaye moja moja huenda akayamaliza yote, ilhali aliyefunzwa kuigawa orodha nusu kwa nusu hulipata jina, au huyakinisha kuwa halimo, kwa hatua zisizozidi 20. Na hata njia hiyo, iliyothibitishwa kwa hesabu, ilikaa na kasoro ndani ya maktaba ya lugha ya programu ya Java kwa takriban miaka 9, hata mhandisi wa programu Joshua Bloch alipoibainisha mwaka 2006: katika orodha kubwa mno, jumla ya namba mbili za nafasi, inayotafutwa ili kupata katikati, ilivuka ukomo wa namba hizo, yaani 2,147,483,647, na jawabu likageuka hasi.

Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe burhani ya hesabu, na afundishwe pia jinsi mashine inavyohifadhi namba. Akiyadhibiti mawili hayo, lugha yoyote mpya ataimudu kwa muda mfupi. Nawasihi wahadhiri wetu wasiyaache.