Sauti ya mwanao ikikuomba hela kwa simu: je, ni yeye kweli?

Wiki iliyopita mama mmoja alipiga simu kwenye kipindi chetu cha asubuhi akiwa bado ana hofu. Alikuwa amepigiwa na namba asiyoijua. Upande wa pili kijana analia, nyuma yake pikipiki zinanguruma: "Mama, nimepata ajali, nitumie hela kwenye namba hii." Mama akasikia sauti ya mwanaye. Alikuwa ameshafika kwa wakala na hela ya mbegu mkononi, ndipo mwanaye huyo akampigia kwa namba yake ya siku zote. Mzima wa afya, anamsalimia tu.

Aliniuliza: "Mwanangu, ile sauti waliipata wapi?"

Sikuweza kumjibu kwa hakika. Huenda ni programu ya kuiga sauti. Huenda ni tapeli wa kawaida, kilio kidogo na kelele za barabarani, na hofu ya mzazi ikamalizia iliyobaki. Lakini swali lake linatuhusu sote wenye simu, kwa hiyo tulichambue.

Sauti ikiingia kwenye simu inageuka namba

Unapoongea, simu haibebi sauti yenyewe. Inaipima mara nyingi mno kila sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Mtandao wa kawaida wa simu ulijengwa kwa vipimo 8,000 kwa sekunde. Muziki wa CD una vipimo 44,100.

Sauti ikishakuwa namba, mtengeneza programu anaweza kuzifanyia hesabu kabla hazijatoka kwenye spika. Akitaka sauti iwe kubwa, anazidisha. Akitaka mwangwi, anachukua nakala ya sauti ileile, anaichelewesha kidogo, anaipunguza nguvu na kuijumlisha na ya kwanza. Akizicheza namba haraka, mtu anasikika mwembamba kama kaseti inayokimbia. Akizicheza taratibu, sauti inakuwa nzito.

Jambo hili unalifanya mwenyewe kila siku. Ukibonyeza ujumbe wa sauti wa WhatsApp uende mara mbili, mtu anaongea haraka ila sauti yake haiwi nyembamba. Programu inaikata sauti vipande vidogo sana na kuvibananisha, huku ikilinda uzito wake.

Studio nasi tunatumia hesabu hizohizo. Lile tangazo la mbolea linalosikika kama mtu yuko uwanja wa mpira lilisomwa kwenye chumba kidogo chenye magodoro ukutani.

Kutoka kubadili hadi kuiga

Kwa miaka mingi programu za namna hii zilitumika zaidi kubadili sauti iliyopo. Sasa zinaweza kujifunza sauti ya mtu na kuitamkisha maneno ambayo hakuyasema. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha programu iitwayo VALL-E iliyoiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sekunde 3 tu. Machi 2024 kampuni ya OpenAI ilisema programu yake inahitaji sekunde 15, na kwamba haitaiachia kwa watu wote kwa kuhofia matumizi mabaya.

Sekunde 15 ni salamu moja kwenye kundi la WhatsApp.

Na simu yenyewe inamsaidia tapeli. Sikio la binadamu mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hadi karibu 20,000 kwa sekunde. Simu ya kawaida hupitisha takriban 300 hadi 3,400 tu. Mengi yanayotofautisha sauti ya mtu na nakala yake yanakatwa njiani. Tapeli akiongeza upepo, pikipiki na kilio, kasoro zilizobaki zinafunikwa.

Yameshafika kwenye siasa

Septemba 2023, siku chache kabla ya uchaguzi wa Slovakia, ilisambazwa sauti bandia ya kiongozi wa chama kimoja cha siasa, Michal Šimečka, akionekana kupanga wizi wa kura. Ilitoka katika siku ambazo kampeni zilikuwa zimesimamishwa, hivyo kukanusha kulikuwa kugumu.

Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu na sauti iliyofanana na ya Rais Joe Biden ikiwaambia wasiende kupiga kura ya mchujo. Aliyeitengeneza aliviambia vyombo vya habari kwamba alilipwa dola 150. Mshauri wa siasa aliyepanga mpango huo alitozwa faini ya dola milioni 6 na mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo.

Pimeni wenyewe: gharama ya kutengeneza ni ya mbuzi mmoja au wawili.

Nasi watangazaji tuna deni

Nakiri jambo moja. Nilipoanza kazi, msikilizaji akitaka kusema maovu ya kiongozi wa kwake bila kutambulika, niliifanya sauti yake kuwa nzito nikaona nimemlinda. Siku moja fundi mitambo wetu alichukua rekodi ile akairudisha karibu na ilivyokuwa, mbele ya macho yangu, kwa dakika chache. Hesabu iliyojumlishwa inaweza kutolewa.

Ndiyo maana BBC huwashauri waandishi wake kumtumia mtu mwingine asome maneno ya shahidi, kuliko kuipotosha sauti yake. Sasa nami nafanya hivyo. Ukituambia habari ya hatari, omba jambo hilo kwetu au kituo kingine chochote.

Ufanye nini?

Ukiombwa hela kwa sauti unayoijua, kata simu. Mpigie mhusika kwa namba yake uliyoihifadhi. Asipopatikana, piga kwa jirani yake.

Kubalianeni neno la siri la familia, na lisiandikwe kwenye kundi lolote. Mfundisheni bibi na babu pia.

Ukipokea sauti ya kiongozi ikisema jambo la kushtua, subiri usikie imethibitishwa kabla ya kuisambaza.

Kwa Tanzania, namba ya tapeli itume kwenda 15040. Piga pia *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Yule mama ameshachagua neno lake na mwanaye. Hakunitajia hewani, nami sikumuuliza.